Kuchagua tripodi: pima kamera na kazi kabla ya kupima mfuko

Kazi ya tripodi, yaani kisimamio cha miguu mitatu, ni moja: kuizuia kamera isisogee hata sehemu ndogo ya milimita wakati shata (pazia linaloingiza mwanga kamerani) iko wazi. Mambo mengine yote, kama begi zuri, mguu unaofunguka ukawa fimbo au kishikio cha simu cha bure, ni nyongeza. Lakini dukani jicho hukimbilia urefu ulioandikwa kwenye boksi, kisha bei. Urefu huo mara nyingi ni ule wa nguzo ya kati ikiwa imepandishwa hadi mwisho, na hapo ndipo tripodi yoyote huwa dhaifu zaidi. Pesa zako, ziwe elfu tatu au elfu hamsini, ziende kwanza kwenye unene wa miguu, kisha kwenye kichwa, yaani sehemu ya juu inayoshika kamera, kinachofaa kazi yako. Zikibaki, ndipo ufikirie hayo mengine.

Anza na mizani

Funga kwenye kamera lenzi nzito kuliko zote ulizo nazo, au ile unayopanga kununua karibuni, weka betri, kisha pima kwa mizani ya jikoni. Canon EOS 2000D na lenzi yake ndogo ya 18-55 mm huja takriban gramu 680. Canon 5D Mark IV yenye lenzi ya 70-200 mm f/2.8 hukaribia kilo 2.4. Sigma 150-600 mm Contemporary peke yake ni kilo 1.9 na zaidi kidogo, kwa hiyo ikiwa na kamera unazungumzia kilo 2.6 kwenda juu. Kama unaweka maikrofoni, taa au skrini ya pembeni, vipime pamoja.

Uzito huo uzidishe mara tatu, utafute tripodi na kichwa vyenye uwezo huo. Mara tatu ni kwa sababu hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote hukifuata. Moja huandika uzito ambao kichwa hakijaanza kuteleza, nyingine huandika uzito ambao miguu haijavunjika. Kilo 8 za boksi hili si lazima ziwe kilo 8 za boksi lile. Na ukiona tripodi ya plastiki inajidai kubeba kilo 10, usiiamini.

Uzito pia haumalizi habari. Lenzi ndefu, yaani yenye namba kubwa ya mm, hukuza mtikisiko kama inavyokuza ndege aliye mbali. Mguso ambao hauonekani kwenye 24 mm huharibu picha kwenye 400 mm. Ndiyo maana mwenye lenzi ya 150-600 mm anahitaji miguu minene kuliko mwenye kamera yenye uzito uleule na lenzi fupi.

Kazi gani, na wapi

Hapa magharibi mwa Kenya, mafundi wengi wa video hulipwa na harusi, harambee, ibada na mazishi yanayorushwa moja kwa moja kwa jamaa walio mbali. Kazi hiyo ina masharti yake. Kamera husimama saa tano au sita. Boma lina nyasi na mteremko, watu wanapita karibu na miguu, watoto wanakimbia, na saa yoyote unahitaji kugeuza kamera polepole kutoka kwa mhubiri hadi kwa familia bila picha kuruka. Tripodi ndogo ya picha haiwezi kazi hiyo, hata iwe ya bei ghali.

Tafuta tripodi ya video ambayo kila mguu una mirija miwili sambamba, na ambayo juu kuna bakuli la 75 mm. Bakuli hilo ndilo linalookoa muda: unalegeza kishikio kilicho chini yake, unalaza kichwa hadi kiputo cha pima maji kikae katikati, unakaza. Hugusi miguu. Kwenye tripodi ambayo juu ni bapa, bila bakuli, unalazimika kurefusha na kufupisha mguu mmoja mmoja, na kila unapobadilisha mahali unaanza upya. Mikono inayoshika miguu isitanuke iwe ya katikati, si ile inayolala chini kabisa, kwa sababu ile ya chini hutaka sakafu sawa. Kanisani ya chini inafaa, lakini kwenye boma lenye mashina ya migomba inakataa.

Urefu wa kazi hii ni wa pekee. Umati ukiwa umeketi, lenzi ikiwa sm 150 kutoka chini inatosha. Umati ukisimama, sm 180 ni haba, na dawa yake ni kupandisha tripodi nzima juu ya jukwaa thabiti, usinunue nguzo ndefu. Jukwaa la mbao ambalo kwaya inaruka juu yake au spika kubwa zimewekwa juu yake si thabiti. Simamisha kamera kwenye sakafu, mbali na spika za besi, hata kama utapoteza pembe nzuri kidogo. Kwenye tripodi weka kiroba cha mchanga cha kilo 5. Kilaze juu ya mikono ya katikati, na mtu akiupiga mguu teke kwa bahati mbaya, kamera itayumba bila kuanguka.

Wapiga picha za wanyama wana hesabu nyingine kabisa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru huruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa. Siku nzima ya vifaru na twiga unapiga ukiwa dirishani au kwenye paa lililofunguliwa, na huko tripodi haina pa kusimama. Usitumie elfu thelathini kwa kitu kitakacholala kwenye buti. Kata mguu wa jinzi kuukuu, kipande cha sm 50, shona upande mmoja, jaza kilo 2 au 3 za maharagwe, kisha shona upande wa pili au uufunge kwa zipu. Usijaze hadi ukawa mgumu, acha nafasi ili lenzi izame ndani. Laza mfuko huo kwenye dirisha, weka lenzi juu yake, mwambie dereva azime injini. Injini ikinguruma, mfuko haukusaidii. Ukisafiri kwa matatu, beba mfuko mtupu, maharagwe utayapata Nakuru mjini.

Kwenye kituo cha kutazamia cha Baboon Cliff unaruhusiwa kushuka, na hapo tripodi ina kazi: ziwa lote liko chini yako. Kituo hicho kina nyani, kwa hiyo begi lenye chakula usilitundike kwenye ndoano ya tripodi.

Ukingo wa kreta ya Menengai, karibu na mji wa Nakuru, una upepo. Tripodi ya kaboni nyepesi, ile ambayo kila mtu huisifu kwa kubebeka, ndiyo inayoteseka zaidi pale isipotundikwa uzito. Begi likitundikwa liguse ardhi kidogo. Likining'inia hewani litabembea, na mbembeo huo utaingia kwenye picha. Vua mkanda wa shingoni na kivuli cha lenzi (ile kofia ya mbele inayokinga mwanga), maana vyote viwili hushika upepo. Fupisha miguu, piga ukiwa umechuchumaa.

Kisumu, machweo ya Dunga na Hippo Point huwavuta wapiga picha wengi, na upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, yaani unakukabili usoni. Elekeza mguu mmoja mbele chini ya lenzi, miwili nyuma, nawe usimame katikati ya hiyo miwili. Tripodi haitaangukia mbele upande wa lenzi, nawe hutajikwaa. Ukiwa juu ya njia ya mbao iliyojengwa kwenye mafunjo pale Dunga, kila hatua ya mtu mwingine hutikisa mbao na tripodi yako pamoja nazo. Hakuna tripodi inayotibu hilo. Subiri watu wapite, hesabu sekunde tano, ndipo ubonyeze. Kwenye matope ya ufuoni, soli ndogo za mpira huzama polepole, na picha ya sekunde 20 hutoka na mstari wa maji uliokunjamana. Weka vifuniko vitatu vya mikebe ya plastiki chini ya miguu, au kanyaga miguu izame kabisa kabla ya kupanga picha. Ukiingia majini, fungua kwanza pingili (vipande vya mguu vinavyoingiana) za chini zilizo nyembamba, zifike mwisho, ili vibano vinavyozikaza vibaki juu ya maji. Hii ni kinyume cha kawaida. Nchi kavu hufunguliwa kwanza pingili nene za juu.

Msitu wa Kakamega una giza hata adhuhuri. Chini ya miti ile unaweza kujikuta kwenye 1/8 ya sekunde na ISO 800 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na uyoga au maua unayoyataka yako sm 15 kutoka ardhini. Hapo swali si tripodi inapanda hadi wapi, ni inashuka hadi wapi. Kila mguu uwe na kituo chake cha pembe, walau tatu, ili uweze kulaza miguu ikaribie ardhi. Nguzo ya kati iwe inafunguka vipande viwili au inatoka kabisa. Tripodi zenye mikono inayounganisha miguu na nguzo haziwezi kulala hivyo, na kwenye mizizi haziwezi kukaa sawa, kwa sababu mguu mmoja ukitanuka yote mitatu hutanuka.

Neno moja kuhusu radi, kwa kuwa Kisii, Kakamega na ufuo wa ziwa hupata ngurumo nyingi, na picha za umeme zinapendwa. Tripodi ya alumini au ya kaboni, zote hupitisha umeme. Ukiona mmweko na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Ingia ndani ya nyumba au garini. Piga kutoka dirishani, shata ikiwa wazi sekunde 10 hadi 20, tundu la lenzi f/8, ISO 100. Barazani na kwenye ukingo wa kreta si mahali pa kupigia.

Urefu unaokufaa

Kutoka utosini hadi machoni toa sm 12. Toa sm 9 nyingine kwa umbali kati ya kitako cha kamera na kioo cha kutazamia, kisha sm 11 za kichwa cha tripodi. Mwenye urefu wa sm 170 anahitaji miguu inayofika sm 138 nguzo ikiwa chini. Kama kamera yako ina skrini inayokunjuka, sm 120 zinakutosha, na utaokoa pesa na uzito. Anayepiga mlimani aongeze sm 15, kwa kuwa miguu miwili ya upande wa bondeni hulazimika kuwa mirefu. Mguu mmoja hukaa upande wa juu.

Nguzo ya kati ichukulie kuwa ya dharura. Ikipanda sm 25, kamera inakaa juu ya bomba moja badala ya pembetatu ya miguu mitatu.

Miguu

Uliza unene wa bomba la juu. Kwa kamera ya chini ya kilo moja, 22 mm inakubalika. Kilo moja hadi mbili na nusu, 25 hadi 28 mm. Lenzi ya 400 mm kwenda juu, anza na 32 mm. Lakini bomba la juu ndilo muuzaji analokuonyesha, na wewe angalia la chini. Kila pingili hupungua kama 3 mm. Mguu wa 25 mm wenye pingili tatu huishia 19 mm, wenye nne huishia 16 mm, wenye tano huishia 13 mm, sawa na kidole. Pingili nyingi hufanya tripodi ikunjike ikaingia begini, na hiyo ndiyo faida yake yote. Anayesafiri kwa boda kila siku achague nne. Mwenye gari achague tatu. Tano ni za anayepanda ndege.

Alumini na kaboni: kaboni ina uzito mdogo kwa kama theluthi moja ikiwa unene ni uleule, nayo hutuliza mtikisiko haraka zaidi. Bei yake huwa mara mbili au tatu. Kwa matumizi ya huku, alumini ina hoja zake. Ikibanwa chini ya mizigo kwenye buti la matatu hubonyea. Kaboni hupasuka, na bomba lililopasuka halishonwi. Alumini iliyobonyea nayo haitelezi tena ndani ya mwenzake, lakini fundi hodari anaweza kuinyoosha. Kwa maoni yetu, mwenye bajeti ya chini ya elfu ishirini anunue alumini nene kuliko kaboni nyembamba. Kaboni ya bei rahisi hunyimwa unene ili bei ishuke.

Vibano viko vya aina mbili. Vya kufyatua unaviona kwa mbali kama vimefungwa, na vikilegea unakaza skrubu yake ndogo kwa ufunguo wa L. Vya kuzungusha ni vyembamba, havikwami kwenye nguo, ila mchanga ukiingia vinasaga. Kwa kazi ya harusi na mazishi, ambapo unahama mara kwa mara, vya kufyatua vina kasi zaidi. Viwe vya chuma. Masikio ya plastiki hukatika kwenye shina, na kipuri chake si rahisi kukipata.

Kichwa

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa kuwa vichwa vyote huonekana vinashika kamera. Kichwa cha gololi, yaani tufe linalozunguka ndani ya kikombe na kukazwa kwa kitasa kimoja, ni chepesi na cha haraka. Kinafaa picha za watu, mandhari na safari. Kwa kamera ya kilo mbili, gololi iwe na kipenyo cha 36 mm au zaidi. Kwa lenzi ndefu, 44 mm. Kiwe na kitasa cha pili cha kugeuza kushoto na kulia peke yake.

Kichwa cha mipini mitatu kinakwenda polepole, ila kila upande unakazwa kivyake. Anayepiga picha za majengo, nyumba za kuuza au bidhaa dukani atakipenda, kwa sababu ukirekebisha mlalo, wima hausogei.

Kichwa cha video kina mafuta mazito ndani yanayofanya mwendo uwe laini. Si kila kichwa chenye mpini mrefu kina mafuta hayo. Vile vya tripodi za elfu tatu vina vipande vya plastiki vilivyopakwa grisi, navyo husita, kisha huruka. Kichwa halisi kina kitasa cha kuongeza au kupunguza uzito wa mwendo, na kina springi inayoisawazisha kamera ikiinama. Ukiachia mpini kamera ikiwa imeinama nyuzi 20, haipaswi kudondoka wala kurudi juu. Bamba lake liwe refu na liteleze mbele na nyuma ili uweke uzito katikati.

Lenzi ya 500 au 600 mm juu ya gololi ni hatari. Kitasa kikilegea kidogo, lenzi inapinduka na kupiga mguu. Kwa hiyo mpiga ndege anunue kichwa cha gimbali, ambapo lenzi inaning'inia kwenye mkono na kukaa yenyewe bila kukazwa. Kina kilo moja na zaidi, lakini huwezi kumfuata tai wa samaki kwa gololi.

Skrubu zina vipimo viwili vinavyotumika duniani kote. Ya kuingia kwenye kamera ni robo inchi, na ya kuunganisha kichwa na miguu huwa ni inchi tatu kwa nane. Tripodi ambayo kichwa chake hakifunguki kutoka kwenye miguu ni ya kununua mara moja na kutupa. Yenye skrubu ya tatu kwa nane unaweza kuibadilishia kichwa baada ya mwaka, miguu ikabaki.

Bamba dogo linalofungwa chini ya kamera ndilo hupotea kwanza. Nunua kichwa kinachotumia bamba la mtindo wa Arca-Swiss, lenye upana wa karibu 38 mm, kwa sababu kampuni nyingi hulitengeneza na lolote utakalopata linakaribia kuingia. Bamba la Manfrotto RC2 nalo hupatikana. Tripodi isiyo na jina, yenye bamba la umbo lake peke yake, ikipoteza bamba imekufa. Ukinunua ya namna hiyo, dai bamba la pili papo hapo dukani.

Bei zinanunua nini

Bei hupanda na kushuka pamoja na dola, lakini madaraja hubaki yaleyale. Chini ya shilingi 3,000 unapata alumini nyembamba na kichwa cha plastiki. Hiyo ni ya simu. Simu yenye kava ni kama gramu 230, na tripodi hiyo inaibeba vizuri ndani ya nyumba. Nje, simu husimama kama tanga, kwa hiyo usifungue pingili ya mwisho, tundika chupa ya maji ya lita moja katikati, na kishikio cha simu kiwe cha chuma chenye skrubu ya kukaza. Cha springi kinaweza kulegea ukirusha moja kwa moja saa nzima.

Kati ya 5,000 na 10,000 ndipo tripodi ya kamera inapoanza: alumini ya 22 hadi 25 mm, pingili nne, gololi ndogo, mara nyingi bamba la Arca. Mwanafunzi au mwenye kamera ndogo ya lenzi fupi hana haja ya kuvuka hapo. Kati ya 12,000 na 25,000 njia hugawanyika. Mpiga picha apate alumini ya 28 mm na gololi ya 36 mm, mtu wa video apate mirija miwili, bakuli na kichwa chenye mafuta. Usijaribu kupata vyote kwa tripodi moja, maana ile inayodai kufanya vyote huwa na kichwa cha video kisicho laini na miguu isiyolala. Juu ya 30,000 unanunua kaboni nene, kichwa na miguu vikiuzwa mbalimbali, na uhakika wa vipuri.

Kama una elfu sita tu na unahitaji tripodi ya video, afadhali utafute nzito iliyotumika kuliko mpya nyepesi. Bomba na chuma hazizeeki kama betri.

Ipime papo hapo dukani

Nenda na kamera yako na lenzi nzito. Muuzaji anayekataa ufunge kamera, mwache.

1. Fungua miguu yote hadi mwisho, kaza vibano, nguzo ikiwa chini. Shika sehemu ya juu kwa mikono miwili, ukandamize kwa nguvu ya kilo 5 hivi. Pingili ikiingia ndani, kibano ni kibovu au hakijakazwa. Kaza, rudia. Ikiingia tena, rudisha.

2. Zungusha sehemu ya juu kushoto na kulia kama unayefungua kifuniko cha chupa. Miguu haitakosa kupinda kidogo, lakini ikiwa kuna mlio au nafasi tupu kwenye bawaba, hiyo italegea zaidi kila mwezi.

3. Weka kamera, kuza picha kwenye skrini mara 10, gonga mguu mmoja kwa kidole. Hesabu. Ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, vizuri. Ikiendelea kutetemeka hadi sekunde nne, tafuta nyingine, au ukubali kutumia lenzi fupi tu.

4. Kichwa cha gololi: inamisha lenzi nyuzi 45, kaza, weka alama ya katikati kwenye kitu ukutani, achia mikono. Kushuka kidogo unapoachia ni kawaida. Kuendelea kushuka dakika nzima si kawaida.

5. Kichwa cha video: geuza polepole kutoka pembe moja ya duka hadi nyingine, simama ghafla, achia mpini. Kikirudi nyuma hata milimita chache, picha zako zote zitaonekana zikirudi nyuma.

6. Toa nguzo ya kati nje, irudishe. Toa bamba, lirudishe, liwe na pini ya usalama inayozuia kamera kuchomoka kishikio kikiguswa. Angalia kama chini kuna ndoano.

Anayeagiza mtandaoni au kutumiwa kifurushi kwa gari la abiria kutoka Nairobi hawezi kufanya haya kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji akupigie video ya hatua ya kwanza na ya tano, na mkubaliane siku za kurudisha kabla pesa hazijatoka kwenye simu. Ya mitumba, fungua kila pingili uangalie ndani. Mchanga, chumvi nyeupe au michirizi mirefu kwenye bomba ni bei ya kushushwa. Bawaba ya juu iliyopasuka si ya kununua kwa bei yoyote.

Ikishakuwa yako

Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti, kidole kisiguse kamera. Kwa kamera ya DSLR, yenye kioo ndani kinachoinuka kila unapopiga, kasi kati ya 1/60 na sekunde moja ndizo ambazo mpigo wa kioo huonekana zaidi, kwa hiyo tumia kuinua kioo mapema au piga kupitia skrini. Lenzi nyingi za zamani zenye kidhibiti mtikiso huutafuta mtikisiko usiokuwepo zikiwa juu ya tripodi, na kuutengeneza zenyewe. Kizime.

Ukitoka ufuoni mwa Ziwa Nakuru, suuza miguu kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo. Magadi ya ziwa lile hula alumini, na yakikauka ndani ya vibano hugeuka unga unaosaga. Maji ya Ziwa Viktoria hayana magadi, lakini yana matope, nayo yafute kabla hayajakauka. Acha tripodi ikauke ikiwa imefunguliwa, si ndani ya begi.

Vibano vya kuzungusha vifungue kila baada ya miezi mitatu, mguu mmoja kwa wakati ili vipande visichanganyike. Chomoa pingili, utakuta ganda mbili za plastiki zilizokumbatia ncha ya bomba. Zikumbuke zilikaaje. Osha nyuzi za skrubu kwa mswaki na maji ya sabuni, kausha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi pekee. Usipake mafuta kwenye bomba, yatabeba vumbi na kibano kitateleza. Vibano vya kufyatua havitaki mafuta kabisa: skrubu ikikazwa robo mzunguko, ujaribu tena kukandamiza. Ukikaza kupita hapo utapasua pete, na ufunguo wa L uliokuja na tripodi uufunge kwa mpira kwenye mguu mmoja, kwa kuwa skrubu hulegea kazini, si nyumbani.